Tali Alikufa kwa Sababu ya Wastani

Kabla ya yote: hapa chini nimeanika siri za Mass Effect zote tatu, gemu za hadithi za anga za juu ambamo unaongoza meli na kikosi, pamoja na za gemu nyingine chache. Kama bado hujazicheza na unapanga kuzicheza, shauri yako.

Gemu za hadithi zimejijengea jina kwa swali la nani afe. Tunaambiwa hayo ni maamuzi ya kimaadili, na wachezaji tunabishana usiku kucha kana kwamba ni kweli. Mengi si ya kimaadili hata kidogo. Kifo cha mhusika kinakuwa suala la maadili pale mchezaji anapojua anatoa nini ili apate nini, na pale ambapo hakuna jibu la bure lililofichwa pembeni. Ukikosa la kwanza, unacheza kamari. Ukikosa la pili, unafanya mtihani wenye majibu nyuma ya kitabu.

Mfululizo wa Mass Effect unafaa kwa kulipima hili, kwa sababu unazo aina zote, na sevu, yaani mchezo wako uliohifadhiwa, inahamia kutoka gemu moja hadi inayofuata.

Tuanze na misheni ya mwisho ya Mass Effect 2 (2010), ile inayosifiwa kuliko zote. Yeyote kati ya wenzako 12, ukiwahesabu Zaeed na Kasumi waliokuja kama nyongeza, anaweza kufa. Sasa angalia wanakufaje. Usipoboresha bamba za meli, Jack anakufa kabla hamjatua. Kwenye mabomba ya hewa anahitajika fundi, yaani Tali, Legion au Kasumi. Ukimtuma mwingine, hatoki hai. Hata ukimtuma fundi sahihi, ukikosea kiongozi wa kikosi cha pili (wanaoiweza kazi ni Garrus, Jacob na Miranda), anayekufa ni fundi, kiongozi anabaki mzima.

Halafu inakuja hatua ya kushikilia mlango, na hapo ndipo penye utamu. Unachagua wawili wa kwenda nao kwa bosi wa mwisho, waliobaki wanazuia maadui nyuma yako. Kila mmoja ana namba ya ulinzi usiyoonyeshwa. Kama umemaliza misheni ya uaminifu ya kila mmoja, ile ya kumsaidia shida zake binafsi, Grunt, Zaeed na Garrus wana 4. Thane, Legion, Samara, Jacob na Miranda wana 2. Jack, Kasumi, Tali na Mordin wana 1. Asiye mwaminifu anapungua 1. Gemu inajumlisha, inagawa kwa idadi ya waliobaki, na kama ni watano au zaidi, wastani usipofika 2 kuna mtu anakufa.

Chukua mfano. Umemtuma Mordin awasindikize mateka kurudi melini, uamuzi mzuri. Kwa bosi unaenda na wababe wako wawili, Garrus na Grunt, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Mlangoni wamebaki tisa, jumla yao ni 17, wastani 1.89. Mtu mmoja lazima afe, na orodha ya nani anatangulia ilishapangwa: Mordin kwanza, akifuatiwa na Tali. Mordin hayupo, basi Tali anaanguka. Ungeenda na Tali na Miranda, tisa waliobaki wangekuwa na 22, wastani 2.44, na wote wangerudi nyumbani.

Hakuna aliyekuuliza kama uhai wa Tali una thamani kuliko wa Grunt. Umepanga zamu vibaya, basi. Kama mtihani wa uongozi misheni hii ni kazi ya mafundi hasa, na siikatai sifa hiyo. Ila anayelia kwa majuto ya kimaadili mbele ya jeneza la Tali analilia kugawanya.

Ajabu ni kwamba uamuzi wa kimaadili wa kweli wa gemu hiyo umekaa hatua chache tu nyuma, na watu wanaupita bila kuujadili. Wafanyakazi wa meli yako wanatekwa. Ukiwafuata mara moja, wote wanapona. Ukienda kufanya misheni moja hadi tatu kwanza, nusu yao wanakufa. Zaidi ya hapo, anabaki daktari Chakwas peke yake. Hapa hakuna kificho: umeona kwa macho yako watu wakibebwa. Na kuwahi nako kuna bei, kwa sababu mwenzako ambaye hujamaliza shida zake utaingia naye vitani hivyo hivyo.

Misheni ya Virmire, katika gemu ya kwanza (2007), ina sifa ya kuwa uamuzi mgumu usio na jibu sahihi. Ashley au Kaidan. Mmoja amebanwa kwenye mnara, mwingine kwenye bomu, na meli inafika mahali pamoja tu. Ni kweli, hakuna ujanja wa kuwaokoa wote. Lakini fuatilia aliyepona. Katika gemu ya pili anakutokea kwenye sayari ya Horizon na kukulaumu karibu kwa maneno yale yale, yeyote awaye. Katika ya tatu anakalia kiti kile kile. Ulichochagua ni sura na sauti.

Lawama hii tusiwatupie waandishi haraka. Watu 12, kila mmoja hai au maiti, kimahesabu ni michanganyiko 4,096, na kila tukio la gemu inayofuata lazima lisimame hata kama mhusika wake yuko kaburini. Ndiyo maana kati ya wale 12, katika Mass Effect 3 (2012) ni Garrus na Tali tu wanaoweza kurudi kikosini. Wengine wanapita kusalimia, na wakiwa wamekufa anawekwa wa kujaza pengo: Padok Wiks kwa Mordin, na hata Wreav kwa Wrex, mwenzako wa gemu ya kwanza. Kadiri gemu inavyoruhusu watu wengi kufa, ndivyo waliopona wanavyokosa la kusema. Studio ya Telltale katika The Walking Dead (2012) iliamua kulimaliza deni mapema: umwokoe Carley au Doug, Lilly anamuua aliyebaki katika sehemu ya tatu. Wengi waliita utapeli. Naona ni afadhali kuliko kumbakiza mtu awe pambo. Kinachonikera zaidi ni Redcliffe ya Dragon Age: Origins (2009), ambapo umuue mtoto Connor aliyeingiwa na pepo au mama yake atolewe kafara, kisha ukigundua unaweza kusafiri hadi kwa wachawi wa Circle kuomba msaada, unakuta pepo amekusubiri kwa adabu.

Kwangu mimi anayeshinda wote ni Mordin, katika gemu ya tatu, kule Tuchanka, sayari ya krogan, jamii ya wapiganaji walionyimwa uzazi. Dawa ya kuwarudishia krogan uzazi iko tayari, kiongozi wa salarian, jamii ya Mordin, amekuahidi msaada ukiihujumu kwa siri, na Mordin anataka kupanda mnarani kuirekebisha akijua hatashuka. Ukikubali, anakufa. Ukitaka hujuma, inabidi umpige risasi mgongoni. Mlango wa kumwacha hai upo, ila unafunguka pale tu Wreav anapotawala krogan na Eve, mwanamke wa krogan, ameshakufa, yaani kama Wrex aliuawa Virmire na data ya utafiti wa Maelon kuhusu tiba hiyo uliichoma katika gemu ya pili. Hapo unaweza kumshawishi kwamba krogan wa namna hii hawastahili tiba, naye akaondoka. Ukihujumu Wrex akiwa hai, ataligundua, atakufuata, naye utampoteza.

Hapa hakuna wastani uliofichwa. Unajua bei, na rafiki yako anaishi kwa sababu ya ukatili uliofanya zamani ukiwa na sababu nyingine kabisa. Zaidi ya hayo, Mordin ana sababu zake za kufa, ambazo hazikuhusu wewe.

Limebaki suala la kulodi sevu, yaani kurudi ulipohifadhi na kuamua upya. Until Dawn (2015) inajisevu yenyewe na kukunyima nafasi ya kurudi nyuma papo hapo. Undertale, ya mwaka huo huo, ni kali zaidi: muue Toriel, aliyekulea mwanzoni, ulodi, umsamehe, na Flowey, ua linalozungumza, atakwambia usoni kwamba anajua ulichofanya. Mass Effect haina ulinzi wa namna hiyo, kwa hiyo ulinzi ni wako. Kwa misheni ya mwisho ya gemu ya pili soma mwongozo bila aibu, zile ni hesabu. Virmire na Tuchanka usisome kitu, na usilodi isipokuwa gemu imeganda. Tena usianzie ya tatu: ukianza bila sevu ya zamani, gemu kwa kawaida inahesabu kwamba Wrex alishakufa, na utakuwa umeamuliwa nusu ya suala la Mordin kabla ya kushika kidhibiti. Legendary Edition (2021) ina zote tatu pamoja, na sevu inahamia yenyewe ukiichagua unapoanza gemu inayofuata.