Unajiandaa na GMAT? Weka pembeni faili la kanuni

Kila msimu wa maombi ya MBA, shahada ya uzamili ya biashara, unapokaribia nakutana na watu wa aina moja: wahandisi, wahasibu wenye CPA, vijana wa takwimu kwenye mabenki. Hesabu wanaziweza, tena tangu sekondari. Wanafanya jaribio la kwanza la GMAT, mtihani wa kuombea nafasi kwenye shule za biashara, wakiamini Kiingereza ndicho kitakachowasumbua, na matokeo yanakuja kinyume: hisabati ndiyo iliyowaangusha. Hapo wengi wao hukimbilia kanuni. Wanapakua faili lenye kurasa na kurasa za kanuni, wanafungua kitabu cha kidato cha nne kuanzia sura ya kwanza, wanajiunga na kundi la WhatsApp linalomwaga maswali asubuhi na jioni. Wiki zinapita na alama zimekaa palepale.

Mimi naamini wamekosea tiba kwa sababu wamekosea kuujua ugonjwa. Mtu mzima anayefanya hesabu kazini kwake hapungukiwi na hisabati ya GMAT. Anapungukiwa na mazoea ya kutulia kidogo mbele ya swali na kuamua lipi halina haja ya kukokotolewa. Mazoea hayo hayamo kwenye orodha yoyote ya kanuni.

Tazama mtihani wenyewe ulivyo. Muundo wa sasa ulianza Novemba 2023, na ule wa zamani ukafungwa Januari 2024. Sehemu ya hisabati ina maswali 21 ya kuchagua jibu, kwa dakika 45. Kikokotoo hakiruhusiwi. Jiometri imeondolewa, kwa hiyo zile nadharia za duara na pembetatu zilizotutesa hazimo. Hakuna logi, hakuna trigonometria, hakuna kalkulasi. Kilichobaki ni asilimia, uwiano, wastani, sehemu, vipeo, tabia za namba, aljebra ya kawaida, mafumbo ya mwendo na ya kazi, na uwezekano kidogo. Mtoto aliyesoma shule ya msingi Tanzania amekwishakutana na namba tasa, shufwa na witiri, KDS na KKS kabla hajavaa sare ya sekondari.

Kwa nini basi hesabu za namna hiyo zimwangushe mhandisi? Jibu langu ni kwamba shule zetu zilitulipa kwa kitu kingine. Karatasi ya hisabati ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari kule Kenya, inaeleza wazi kuwa mtahiniwa anaweza kupewa alama kwa njia sahihi hata kama jibu lake si sahihi, na kikokotoo kinaruhusiwa isipokuwa pale swali linaposema vinginevyo. Kwa shule ni utaratibu mzuri, sina ugomvi nao. Mwalimu anataka kuona mwanafunzi anavyofikiri. Lakini miaka ya kulipwa kwa njia hujenga mkono unaoanza kuandika kabla kichwa hakijasema kitu. GMAT haioni njia yako. Inaona jibu ulilochagua tu, na saa haikusubiri.

Chukua fumbo hili. Gari limekwenda mji wa pili kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, likarudi kwa njia ileile kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa. Wastani wa kasi kwa safari nzima ni ngapi? Majibu: 45, 48, 50, 52, 55. Aliyezoea kanuni ataandika umbali ni d, muda wa kwenda d gawanya kwa 60, muda wa kurudi d gawanya kwa 40, ajumlishe, arahisishe. Atafika, hakuna ubishi. Ila aliyetulia anajiuliza kwanza: gari limetumia muda mwingi zaidi katika kasi ipi? Katika 40, maana huko lilijikokota. Basi wastani lazima uwe chini ya 50, na majibu matatu yamekufa bila kalamu kugusa kitu. Kisha anachagua umbali unaogawanyika vizuri, tuseme kilomita 120. Saa 2 kwenda, saa 3 kurudi, kilomita 240 kwa saa 5. Ni 48. Swali halikutaja umbali, na hiyo ni ruhusa ya kuuchagua mwenyewe.

Au hili: tarakimu ya mwisho ya 7 kwa kipeo cha 50 ni ipi? Hata ungepewa kikokotoo cha kawaida kisingekufaa, kwa kuwa namba yenyewe haienei kwenye kioo chake. Andika vipeo vya mwanzo tu: 7, 49, 343, 2401. Mwisho wake ni 7, 9, 3, 1, halafu mzunguko unaanza upya. Hamsini ukigawa kwa nne unabaki na mbili, kwa hiyo jibu ni 9. Hakuna kanuni iliyotumika hapa. Kuna mtu aliyeamua kutazama kidogo kabla ya kuhangaika.

Maswali ninayoyapenda kuliko yote yamehamishiwa kwenye sehemu ya tatu ya mtihani, ile ya kuchambua data, yenye maswali 20 kwa dakika 45, na huko kikokotoo kipo kwenye skrini. Wapo wanaoidharau sehemu hii wakidhani ni nyongeza. Uzito wake katika alama ya jumla ni sawa na wa hisabati na sawa na wa lugha. Humo utaulizwa kama taarifa ulizopewa zinatosha kujibu swali. Hutakiwi kutoa jibu lenyewe, unatakiwa kusema tu kama linapatikana.

Mfano: je, x ni namba shufwa? Taarifa ya kwanza: mraba wa x ni shufwa. Taarifa ya pili: 3x ni shufwa. Karibu kila mtu mwenye haraka atasema kila taarifa inatosha peke yake. Sasa soma tena. Nani amekwambia x ni namba kamili? x ikiwa kipeuo cha pili cha 2, mraba wake ni 2, ambayo ni shufwa, ilhali x yenyewe si shufwa wala witiri. Taarifa ya kwanza peke yake haitoshi. x ikiwa theluthi mbili, 3x ni 2, na x bado si namba kamili. Ya pili nayo haitoshi. Ziunganishe: taarifa ya pili inailazimisha x iwe namba kamili au sehemu yenye 3 chini yake, na sehemu ya namna hiyo ukiipiga mraba haiwezi kuwa namba kamili. Kwa hiyo x ni namba kamili, na kwa kuwa 3x ni shufwa, x ni shufwa. Zote mbili kwa pamoja zinatosha. Kwangu hilo ni swali zuri kabisa la kumpima mtu atakayeongoza biashara, kwa sababu linamuuliza kama anatofautisha alichoambiwa na alichojidhania. Anayesema GMAT haina uhusiano wowote na kazi ya meneja, namwomba alitafakari swali hili kwanza.

Tukija kwenye maandalizi, ushauri wangu unaanza na hesabu za kichwa. Zile zile ambazo mwalimu wa darasa la tano alikuwa anaingia nazo asubuhi, mnasimama, anayejibu anakaa. Jua miraba mpaka 20. Jua kwamba moja ya nane ni asilimia 12.5 na tatu ya nane ni 37.5, ili ukiulizwa asilimia 37.5 ya 640 uone 80 mara tatu na upate 240 papo hapo. Jua kwamba bei iliyopanda kwa asilimia 25 inarudi ilipokuwa ikishuka kwa asilimia 20, na ujue kwa nini. Ukiwa kwenye daladala, kwenye foleni ya benki, popote, kichwa kifanye kazi. Simu iache mfukoni. Mkono unaokimbilia kikokotoo kwa 15 mara 16 utatetemeka siku ya mtihani.

La pili, punguza idadi ya maswali. Najua hili linawaudhi wengi, kwa sababu maswali mengi yanampa mtu hisia ya kufanya bidii. Mimi nitamwamini zaidi aliyefanya maswali matano jioni moja, halafu akakaa na kila moja, hata lile alilopata, akijiuliza kama kulikuwa na njia fupi zaidi na ni neno gani kwenye swali lilikuwa linamwonyesha njia hiyo. Andika kwenye daftari kosa lilikuwa la aina gani: hukusoma “namba kamili chanya”, ulijibu x wakati wameuliza 2x, ulikokotoa mahali pa kukadiria. Baada ya muda utaona makosa yako ni manne au matano tu yanayojirudia kwa sura tofauti. Hayo ndiyo ya kufanyia kazi. Na tumia maswali rasmi ya GMAC, wenye mtihani. Mengi yanayozunguka mitandaoni ni magumu kwa kukokotoa na mepesi kwa kufikiri, yaani kinyume kabisa cha kile kinachopimwa.

Jizoeze pia kuachilia. Dakika 45 kwa maswali 21 ni dakika mbili na sekunde chache kwa kila swali, na ugumu wa maswali hubadilika kulingana na unavyojibu, kwa hiyo utakutana na magumu hata kama wewe ni hodari. Muundo mpya unaruhusu kuweka alama kwenye swali, kurudi mwishoni na kubadili mpaka majibu matatu kwa kila sehemu. Ukifika dakika ya tatu na bado huoni mlango, chagua, weka alama, songa mbele. Maswali yasiyojibiwa hukatwa alama. Kwa waliolelewa kumaliza kila hesabu waliyoianza, hili ni gumu kuliko aljebra yoyote, na ndiyo maana lifanyiwe mazoezi nyumbani kwa saa ya ukutani.

Wanaoniuliza kama wahamie GRE, mtihani mwingine wa kuombea masomo ya uzamili, nawajibu kuwa shule nyingi za biashara zinapokea yote mawili. GRE inakupa kikokotoo kwenye hisabati, lakini jiometri bado imo. Fanya jaribio moja la kila mtihani kabla ya kuamua.

Ada ya GMAT inazidi dola 200 kila unapokaa, na kwa wengi wetu huo ni mshahara wa mwezi au zaidi. Usiende kwenda kuonja. Tovuti rasmi ina majaribio mawili kamili ya bure: moja lifanye mwanzo kabisa kabla hujasoma chochote, la pili litunze hadi wiki mbili kabla ya siku yenyewe, na lifanye saa ileile utakayofanya mtihani. Matokeo hudumu miaka mitano, kwa hiyo ndugu uliyemaliza digrii mwaka huu na unaiwaza MBA ya baadaye, fanya sasa, ukiwa bado hujaanza kazi ya kukurudisha nyumbani saa mbili usiku.