Jumapili 52 za mpiga kinanda

Binti wa jirani yetu hapa Changamwe, Mombasa, anayepiga kinanda kanisani kwao, amepata nafasi ya kusomea muziki Chuo Kikuu cha Kabarak, kule Nakuru, na nyumba imegawanyika. Baba anauliza: karo yote hiyo ni ya kwenda kuimba kwaya? Mjomba, aliyepiga gitaa miaka mingi katika bendi za hoteli za Pwani, hofu yake ni nyingine. Anasema chuo cha Kikristo kitatuletea kijana anayeona haya kupiga chakacha, ngoma yetu ya Pwani.

Nianze na mjomba, maana hasemi ovyo. Vyuo hivi vina kanuni za mwenendo, na kijana akionekana jukwaani usiku penye pombe huenda akaitwa ajieleze. Hapa kwetu hoteli imelisha wanamuziki wengi. Halafu kuna suala la sikio. Piano ina sauti 12 tu kabla ya kuanza upya, ilhali udi na ganuni za taarabu hufuata maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, zenye sauti zinazokaa katikati ya vibao vya piano. Ukikaa miaka minne mbele ya kinanda, sikio laweza kusahau kwao. Anayetaka ganuni kwa dhati afadhali avuke hadi Unguja, kwenye Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichoanza 2002.

Lakini baba anaidharau kwaya bila kuipigia hesabu. Mwaka una Jumapili 52. Tuseme ibada moja ina nyimbo sita: hizo ni 312 kwa mwaka, na kwa miaka minne 1,248, zote mbele ya watu, wala sijagusa harusi, matanga na mazoezi ya Alhamisi. Ni mwanamuziki gani chipukizi mwingine hapa mjini anayepewa jukwaa mara zote hizo? Na ni jukwaa lisilo na huruma. Mama mmoja benchi la tatu anapandisha wimbo bila kumwuliza mtu, kwa ufunguo anaoujua yeye na Mungu wake, na mpiga kinanda ana mstari mmoja tu wa kumpata. Akichelewa, kanisa zima linageuka kumtazama. Sijaona mtihani wa kumpima mtu namna hiyo.

Ila Jumapili peke yake haitoshi, na hili nalijua kwa sababu mimi ni mmoja wa wale waliojifunza kwa sikio wakakwama kwenye kodi (chords) tatu. Kwaya zetu nyingi husoma do-re-mi za herufi, mfumo uliosambazwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19 na kuletwa na wamisionari. Unatosha sauti nne. Mpe mpiga tarumbeta au fidla karatasi hiyo, atakuuliza nota ziko wapi. Anayesoma herufi na pia nota za mistari mitano anaweza kuuchukua wimbo wa kwaya ya mtaani, akaupangia ala na kuupeleka studio. Huyo hulipwa.

Tena tangu Januari 2026 sekondari ya juu ina mkondo wa sanaa na michezo, na muziki umo. Walimu watatoka wapi? Hapa binti awe macho: shahada ya muziki na shahada ya ualimu si kitu kimoja, na anayetaka kuajiriwa na TSC, tume ya kuajiri walimu, aulize kabla ya kulipa.

Kuhusu chakacha, ukristo wenyewe haujafunga mlango. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1963, uliagiza katika kifungu cha 119 cha hati yake ya liturujia kwamba muziki wa asili wa watu wa nchi za misheni upewe heshima yake. Makumira, chuo kikuu cha Walutheri karibu na Arusha, hufundisha ngoma na piano pamoja. Kwa hiyo mimi ningemtuma mjomba Nakuru akaulize swali moja: hapa ngoma inatahiniwa, au inatolewa stoo siku ya mahafali tu?

Baba bado hajalipa. Wakati huohuo kamati ya kanisa lao imeanza kuulizana nani atashika kinanda binti akiondoka, na hadi Jumapili iliyopita hakuna aliyenyoosha mkono.