Waliopooza wako ghorofani

Ukikaa barazani Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, asubuhi nzima ukihesabu wanaopita wakiburuta mguu, utaondoka ukisema kiharusi Lamu ni cha wachache. Mimi hesabu hiyo siikubali. Nyumba zetu za mawe zina ngazi za kukata pumzi, vichochoro havipiti gari, na aliyepooza upande mmoja akishapandishwa juu, hashuki mpaka wapatikane vijana wa kumbeba. Mtaani kwetu yuko mama anayeteremsha kikapu kwa kamba dirishani, mkono wa kushoto peke yake, wa kulia umelala mapajani. Wapita njia hukisalimia kikapu tu.

Rejista ya hospitali nayo huandika aliyefika. Wenzetu Tanzania waliliona hilo: kati ya 2003 na 2006 walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, na Dar es Salaam, wakauliza hata habari za marehemu. Baada ya kusawazisha tofauti za umri wa watu wa kila mahali, walipata wagonjwa wapya wa kiharusi kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka kule Hai, na 316 Dar.

Na hata tukiwakuta wachache wenye ulemavu, tusishangilie. Pengine wengine tumeshawazika.

Presha ndiyo mzizi mkubwa. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne anayo, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa. Nasi ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, hatuachi (nami simo katika watakaoanza). Mtu akianguka, mdomo ukaenda upande, tunasema upepo mbaya, anakandwa mafuta. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatakiwa kabla hazijapita saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa kuonyesha kwamba mshipa haukupasuka. Fikiria uko Kizingitini, kisiwani Pate, usiku, na boti halijapatikana.

Wahudumu wa afya ya jamii tayari wanabisha hodi majumbani. Waongezewe maswali mawili: nani humu hashuki, na nani alifia nyumbani baada ya kupooza ghafla? Majibu yapelekwe kaunti kabla ya bajeti, maana mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayekubali kupanda ngazi hizi lazima alipwe.