Hakuna Anayekua kwa Utii wa Mwingine

Imezoeleka katika makanisa yetu kwamba mwamini anayejiona amedumaa kiroho hutafuta wa kumwombea. Huwekewa mikono, hupakwa mafuta, huhudhuria mkesha, kisha hurudi nyumbani kungoja mabadiliko. Siyapingi maombi hayo, kwa kuwa Yakobo mwenyewe, katika sura ya tano ya waraka wake, anaagiza wagonjwa wawaite wazee wa kanisa. Lakini sura hiyohiyo, aya chache kabla, inasema kwamba ujira wa vibarua uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele, na kilio chao kimemfikia Bwana. Mtu aliyemnyima msaidizi wake wa nyumbani mshahara hahitaji upako mpya ili ajue la kufanya. Anatakiwa kumlipa, na hakuna mwombezi, hata awe mtumishi mkubwa kiasi gani, anayeweza kumlipia utii huo mbele za Mungu.

Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki walilijua hili vizuri. Uamsho huo uliochipuka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930, ukaenea Burundi, Kenya na Tanganyika, haukukumbukwa kwa nyimbo na mikutano peke yake. Watu walirudisha mali walizoiba, wakalipa madeni waliyokuwa wakiyakwepa, wakaenda kuomba radhi kwa majirani na kwa wake zao. Katika miaka ya 1950, huko Kenya, Wakristo wengi wa uamsho walikataa kula kiapo cha Mau Mau, kundi lililopigana na ukoloni, na wapo waliouawa kwa ajili ya kukataa huko. Wengi wao walikataa vilevile kubeba bunduki za serikali ya kikoloni. Uamsho ulikuwa na upungufu wake, maana kuungama hadharani ni rahisi kugeuka desturi. Hata hivyo, ninaamini uthabiti ule haukuanza siku ya hatari ilipofika. Aliyekwisha kuzoea kutii katika deni dogo na katika neno moja la uongo alikuwa amejengwa tayari. Waraka kwa Waebrania unawataja watu wazima kiroho kuwa ni wale ambao akili zao, kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya, na mazoezi hayo hayafanywi kwa niaba ya mtu.

Yapo makosa ya upande wa pili ambayo yananihuzunisha zaidi: utii uliotenganishwa na wajibu wa mtu kupima anachoambiwa. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watu wazima na ya watoto, waliohusishwa na mafundisho ya kufunga hadi kufa ili kukutana na Yesu. Siwezi kuwahukumu marehemu, na watoto wale hawakuwa na uchaguzi wowote. Lakini kila mchungaji anayewafundisha waumini kwamba kumhoji mtumishi wa Mungu ni uasi anapaswa kutetemeka. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo mwenyewe, kisha wakayachunguza maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo, na Luka, katika Matendo ya Mitume, anawaita waungwana kwa sababu hiyo.

Wapo watakaosema kwamba mkazo huu unaturudisha kwenye wokovu wa matendo. Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, anawajibu. Yesu aliingia nyumbani mwake akiwa bado mwenye dhambi machoni pa mji mzima, na ni baada ya kupokelewa hivyo ndipo aliposimama kuahidi nusu ya mali yake kwa maskini na kumrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya. Neema ilitangulia, ikamwachia kazi ya kufanya kwa mkono wake mwenyewe.

Paulo naye anawasifu Wafilipi kwa kutii alipokuwapo, kisha anawataka watii zaidi sana asipokuwapo, wautimize wokovu wao wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka. Aliandika hayo akiwa kifungoni, mbali nao, asiweze kumfuatilia yeyote nyumbani kwake, na wala hakuahidi kutuma mtu wa kutii kwa niaba yao. Aliwaambia tu kwamba Mungu ndiye atendaye kazi ndani yao, kutaka kwao na kutenda kwao.