Wagonjwa 12 kati ya watu wangapi?

Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu, huku Pipeline, Nairobi, hatembei bila daftari lake. Msimu wa mvua alinionyesha ukurasa mmoja: ploti ya ghorofa, watu 12 wameharisha wiki hiyo, ploti ya mabati kando ya mtaro, watu 6. Dawa ya maji ikapelekwa ghorofani.

"Mama, kwani hapo wanaishi watu wangapi?" nikamuuliza.

Akarudi kurasa za mbele, alikoandikisha kila nyumba. Ghorofani 240. Kwenye mabati 30. Basi ghorofani aliugua mmoja kati ya 20, mabatini mmoja kati ya watano, na hao wa mabati hawakupata hata chupa moja. Iliniuma sana.

Kosa hili tulilizoea mwaka 2020. Mutahi Kagwe, Waziri wa Afya wa wakati huo, akisoma takwimu za korona kaunti kwa kaunti, macho yote yalikuwa kwa Nairobi. Lakini kwa sensa ya 2019 Nairobi ina watu 4,397,073, Lamu 143,920. Wagonjwa 30 huku na wagonjwa 30 kule ni mambo mawili tofauti kabisa. Tena pasipopimwa watu, wagonjwa hawaonekani.

Hata ndani ya jiji ni vivyo hivyo. Embakasi ilihesabiwa watu 988,808, Mathare 206,564. Tuseme kipindupindu kimeingia, Embakasi wagonjwa 200, Mathare 100. Redio zitasema Embakasi inaongoza. Gawanya: Embakasi ni kama 20 kwa kila watu 100,000, Mathare 48. Mkaazi wa Mathare yumo hatarini zaidi ya maradufu.

Idadi yenyewe ina kazi yake, sikatai. Anayepanga vitanda na dripu lazima ajue ni wagonjwa wangapi watakaofika mlangoni. Ila anayetaka kujua maji ya wapi ni mabaya hana budi kugawanya. Na akilinganisha vifo vya Nairobi, jiji la vijana, na vya Nyeri kwenye wazee wengi zaidi, atazame umri pia. Hili husahaulika mno.

Fomu aliyonionyesha yule mama ina nafasi ya wagonjwa, haina ya idadi ya wakaazi. Idadi ya wakaazi anayo tayari, hakuna gharama mpya. Naomba wanaochapisha fomu hizo waongeze safu moja. Yeye ameshaichora kwa rula, pembeni mwa karatasi.