Boti Iliyotoka Jasho

Boti nilipewa bure, na hapo tu ningeshtuka. Ilikuwa ya alumini, mita nne kasoro, imelala chali uani kwa mtu miaka nenda miaka rudi, imejaa maji ya mvua na majani yaliyooza mpaka viluwiluwi wamehamia na familia zao. Mwenyewe alisema neno moja tu: "Hii haijawahi kuvuja." Nikacheka moyoni. Anayegawa boti atasema nini kingine?

Shemeji yangu akaja kunisaidia. Huyu hajawahi kukataa kazi yoyote asiyoijua, na katika hilo tunafanana. Tukafua maji, ndoo 23 kwa hesabu yangu, tukazoa tope, tukang'oa viti. Chini ya viti mlikuwa na sponji ngumu ya kuifanya boti ielee. Ilikuwa imekunywa maji mpaka ikawa nzito kuliko mimi. Kitu kilichowekwa ili boti isizame, ungekitupa ziwani peke yake kingezama.

Ndani kabisa ya ngama, yaani sakafuni mwa boti, karibu na tezi, yaani upande wa nyuma, nikakuta sarafu. Ya shaba, imegeuka kijani, imeng'ang'ania bati kama kupe, na pembeni yake pana unga mweupe mlaini kama chumvi iliyosagwa. Nikaichokonoa kwa bisibisi, ikagoma. Nikaichokonoa tena, ikabanduka kwa kimlio kidogo: tik.

"Bahati hiyo, shemeji," akasema.

Nikaifuta, nikaitia mfukoni mwa shati. Ule unga nikaupuliza. Ikumbukeni hiyo sarafu, maana mimi niliisahau palepale.

Kesho yake tukaishusha majini kuijaribu. Dakika kumi, maji yako kwenye vifundo vya miguu.

"Ribiti," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Na kusoma nilikuwa nimesoma: boti za namna hii bati zake hushonwa kwa ribiti mamia, vile vijisumari vinavyopondwa vichwa pande mbili, na zikizeeka hulegea. Shemeji akataka tuchomelee. Nikakataa, na huo ndio uamuzi wa akili pekee mtakaouona humu. Chuma kikipata moto huwa chekundu, kinakuonya. Alumini inabaki na sura yake ileile, ikifika nyuzi 660 inakudondokea miguuni.

Njia ya kuzisaka ribiti mbovu ni kugeuza mambo: badala ya kuitia boti majini, unatia maji botini, kisha unachungulia kwa nje. Tukaipandisha juu ya magogo mawili, nikachomeka mpira wa maji. Shemeji akajilaza chini yake na tochi. Nisichokipigia hesabu ni kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Maji yalipokaribia usawa wa viti, boti ilikuwa na uzito wa ng'ombe wawili walioshiba, na magogo yakaanza kudidimia ardhini taratibu. Sijui shemeji alipitia wapi. Nilimwona chini, halafu nikamwona kwenye mti.

Magogo yalipotulia nikainama mwenyewe. Jamani! Kila ribiti ina tone. Nilitegemea tano, labda kumi. Hizi zilikuwa zote, kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, zimening'iniza matone kama zimepanga foleni. Nikatoa kalamu ya wino, nikaanza kuzizungushia duara. Nilifika 214. Pale tezi palikuwa pia na kauzi kembamba ka maji kanachirizika, lakini mpira nilikuwa nimeupitisha upande huo, nikaulaumu mpira.

Ribiti hukazwa na watu wawili: mmoja anagonga upande huu, mwingine ameegemeza chuma kizito upande wa pili. Tukaifudikiza boti. Mimi nikabaki nje na nyundo, shemeji akaingia chini na chuma. Sasa, boti ya alumini iliyofudikizwa ni ngoma. Mimi nilikuwa mpigaji, yeye alikuwa ndani ya ngoma. Kufika ribiti ya 60 hivi nikamuuliza kama amechoka.

"Saa tisa na robo!" akajibu.

Siku mbili tuligonga. Baada ya 150 mkono ulikuwa umekufa ganzi, na sikuwa tena na uhakika kama ninapiga ribiti au ninapiga bati. Tukaishusha majini kwa fahari kubwa. Safari hii haikuchukua dakika kumi. Ilichukua nne.

Ndipo nikamwendea fundi mmoja mzee aliyeunda na kukarabati boti maisha yake yote. Akaja, nikampa shikamoo yake, akaizunguka boti polepole, akipapasa zile duara kwa kidole.

"Hizi ni za nini?"

"Ribiti zinazovuja, mzee. Kila moja ilikuwa na tone."

"Maji mliyotia yalikuwa baridi?"

"Ya kisimani. Baridi sana."

"Na siku hiyo palikuwa na fukuto?"

"Tulitoka jasho kweli kweli, mzee."

"Basi na yenyewe ilitoka jasho. Hujaona gilasi ya maji baridi? Ungetia rangi kwenye maji, mwanangu. Kinachovuja hutoka na rangi, jasho halina." Akanyamaza kidogo. "Mlipoichukua, ilikuwa na maji ndani?"

"Ndoo 23," nikasema, bado kwa majivuno.

"Yamekaa humo miezi mingapi?"

Hapo nikaanza kuhisi baridi shingoni. Mzee akainama kwenye ngama, akapitisha kidole gumba karibu na tezi, akaniita. Nikachungulia: kitundu, na mwanga wa jua unapita.

"Hapa palikuwa na nini?"

Mkono wangu ukaenda wenyewe mfukoni mwa shati. Mzee akaipokea sarafu, akaigeuza, akaiweka juu ya kitundu. Ikakaa sawasawa, kama kifuniko na chungu chake.

"Shaba na alumini vikikutana kwenye maji, alumini ndiyo inayoliwa," akasema. "Ule unga mweupe ndiyo kutu yake. Hii imekula bati miaka yote, na tundu ikaliziba yenyewe. Aliyekupa boti hakukudanganya. Kitakiwacho hapa ni kiraka cha alumini, na ribiti za alumini vilevile, tusije tukaanza upya."

"Na kule kwingine kunakovuja, mzee?"

Akahesabu ribiti zilizolegea, thelathini na kitu, na bonde moja refu la nyundo.

"Kule ni kwenu."

Shemeji alikuwa amesimama pembeni muda wote huo, akitutazama midomo. Akanivuta mkono.

"Shemeji, anasemaje?"

"Anasema tumekaza vizuri!" nikampigia kelele sikioni.

Akatabasamu, akaangalia saa.

"Kumi kasoro!"