Kabati la vioo limenishinda jamani

Hivi nani alituambia chumba na sebule lazima kiwe na kabati la vioo? Mi nakaa Mbagala, sebule yenyewe ukinyoosha miguu umegusa ukuta wa pili, ila humohumo kuna kabati, makochi ya watu saba, stuli zake, sabufa, na TV ya chogo ambayo tangu mitambo ya analojia izimwe hapa Dar tarehe 31 Desemba 2012 haijapata king'amuzi, ipo tu pale imevalishwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi.

Kwenye kabati kuna vyombo vya wageni. Wageni gani sasa, maana mgeni akija anapewa chai kwenye kikombe cha plastiki, vile vya udongo kibandiko cha bei bado kiko chini, ukigusa tu unasikia "we baba, hivyo vya wageni!" Yaani mi kwangu nanywea kikombe kilichokatika mkono.

Siku ya kuhama ndo utajua vitu ni maadui. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 mkononi, dalali anataka ya mwezi mzima kwa kukuonyesha mlango tu, halafu wa kirikuu anachungulia mzigo anakwambia "hapa tripu mbili mzee", na tunahamia mtaa wa pili tu! Tripu ya pili yote ni vitu ambavyo havigusiki. Nikasema basi, vinagawiwa.

Mama watoto akaanza na blenda iliyoungua mota. Nikamwambia hapo unamhamishia mtu uchafu wako na bado unataka aseme asante, ukitoa toa kitu ambacho roho inauma kidogo, hata pale soko la mitumba la Karume robota likifunguliwa watu wanagombania gredi ya kwanza, hakuna anayegombania matambara. Sabufa ikaenda kwa kijana wa kinyozi, makochi kwa jirani aliyekuwa anakalia ndoo, vyombo kwa mama ntilie wa kona. Mama watoto akanuna, hanisemeshi, mpaka siku kapita pale akakuta watu wanakula ubwabwa kwenye sahani zake za maua, mama ntilie akamvuta, dada kaa nikupakulie, hela sitaki. Karudi nyumbani anaimba.

Kuna watafiti wa Vancouver, Kanada, mwaka 2008 walitoa utafiti wao, asubuhi wanampa mtu bahasha ya dola 5 au 20, huyu ajinunulie chake, yule amnunulie mwenzake, mwisho saa 11 jioni. Waliotumia kwa wenzao ndo walikuwa na furaha zaidi, na wa 5 na wa 20 wala hawakupishana. Matokeo nayakubali ila bahasha ya asubuhi Mbagala itafikaje saa 11, wakati mwenye duka ana daftari lenye jina lako?

Sasa mechi ya Simba na Yanga naenda kuangalia kwa yule jirani, kwenye makochi yangu, samahani, yake. Juzi nimefika yamejaa, watoto, mashemeji, na fundi mmoja hata simjui kajilaza kabisa, nikapewa ndoo. Nikakaa. Dakika za mwisho luku ikaisha, giza, nasikia sauti ya jirani, "jamani mbona mna wasiwasi, si tuko na mzee mwenye moyo wa kutoa hapa?"